Aliyeondoka Wakati wa Mapumziko

Kila Jumanne saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka makazini wamechoka na hawana nguvu ya kubadilisha stesheni, watu watatu waliketi kwenye meza moja ya redio wakajadili filamu mpya, maonyesho ya picha, vitabu na michezo ya kuigiza. Wa kwanza alikuwa Mtangazaji, mwenye sauti ya asali na shati la jana. Wa pili alikuwa Bi Sinema, mama aliyetazama filamu nyingi mpaka akawa anavuka barabara kana kwamba kuna kamera inamfuata. Wa tatu alikuwa Wembe, na ukweli ni kwamba watu walisikiliza kwa ajili ya Wembe.

Mchana alikuwa karani wa idara ya maji, mtu wa kupokea malalamiko ya mabomba. Jina la Wembe alipewa na wasikilizaji kwa ajili ya ulimi wake. Tangu aanze redio, bosi wake wa idarani alimsalimia yeye kwanza, na muuza duka la karibu na nyumbani alimwuliza kuhusu filamu ambazo wala hakukusudia kuzitazama. Posho ya redio haikuwa kubwa, lakini ililipa umeme, na heshima ilikuja bure juu yake.

Sasa tusemezane mapema, tusije tukaoneana haya baadaye. Wembe hakuwa mvivu, ila alikuwa na njia zake. Kitabu alisoma sura ya kwanza na ya mwisho, akaiachia akili yake ijenge daraja katikati. Maonyesho ya picha aliyapita kama mtu anayetafuta choo. Mchezo wa kuigiza aliutazama mpaka mapumziko, halafu akaenda zake. Kile alichokiona alikisifu kwa makini, na kile ambacho hakukiona alikiponda. Alikuwa amegundua kwamba kusifu kunadai ushahidi, lazima utaje nani alifanya nini, lakini kuponda hakudai kitu. Ukisema jambo limekosa roho, nani atakuja na mizani?

Siri hiyo hakuijua mtu, na wa mwisho kabisa kuijua angekuwa mkewe. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili na kikaushio kimoja kilichonguruma kama mashine ya kusaga. Hakukosa kipindi hata siku moja. Wembe akirudi nyumbani, mkewe alimwomba amsimulie filamu, naye alimsimulia mpaka mwisho, na mara nyingi mwisho wa Wembe ulikuwa mzuri kuliko wa mwenye filamu. Alimwamini mumewe kama wengine wanavyoamini taarifa ya habari.

* * *

Mambo yalianzia kwenye kiti cha saluni. Mwongozaji mmoja wa michezo ya kuigiza, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alikuja kusukwa akamsikia msusi akiwasimulia wateja jinsi shangazi yake alivyogombana na fundi viatu. Alisimulia kwa sauti zote mbili, ya shangazi na ya fundi, na mikono haikuacha kusuka. Mwongozaji alipotoka kitini alikuwa amesukwa kichwa chote na amempata mwigizaji. Mchezo wake ulihusu familia inayogombea nyumba baada ya baba kufa. Katika sehemu ya pili anaingia mke mdogo ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo, amebeba sanduku lake, na kila kitu kinapinduka. Msusi alikuwa na umri wa kuwa na binti aliyekwisha kuhama nyumbani, na hakuwahi kusimama jukwaani maisha yake yote. Alikubali kabla hajafikiri, na baada ya kufikiri akaogopa mno kukataa.

Kwa miezi miwili alifanya mazoezi kwa siri. Kila jioni alimwambia mumewe kwamba ana bibi harusi wa kusuka, mpaka Wembe akasema kwamba mwaka huu watu wanaoana kama wamesikia ndoa zitapanda bei. Msusi alicheka akajifuta jasho. Hakuwa na tamaa ya kuwa maarufu. Alitaka jambo moja tu, tena dogo. Alitaka mumewe aketi gizani bila kujua, amwone akiingia, halafu aseme juu yake kama anavyosema juu ya wengine. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemsikia akitoa maneno kwa watu wa mbali, na sasa alitaka sehemu yake.

Siku ya kwanza ya mchezo ilikuwa Ijumaa. Alimwambia mumewe kwamba amesikia kwa wateja sehemu ya pili ndiyo tamu, kwa hiyo asitoke, akae mpaka mwisho, halafu amsubiri mlangoni waende nyumbani pamoja, maana bibi harusi wa siku hiyo anakaa jirani na ukumbi. Wembe alikubali. Na alikubali kwa moyo safi, tusimwonee.

Karatasi ya majina ya waigizaji aliitumia kujipepea. Sehemu ya kwanza aliitazama vizuri, hata akaona kwamba kaka mkubwa wa mchezoni alivaa viatu vya rangi mbili tofauti, jambo alilokusudia kulitaja. Wakati wa mapumziko alitoka kunyoosha miguu, akakutana na rafiki yake wa idarani, Fundi Mita, amesimama upande wa pili wa barabara nje ya mkahawa wenye televisheni. Mechi ilikuwa imeingia kipindi cha pili na timu yao imetanguliwa goli. Fundi Mita alimwambia aje dakika tano tu. Hakuna mtu duniani aliyewahi kutazama mpira dakika tano tu.

Walisawazisha, wakaongeza, na Wembe alipokumbuka ukumbi, watu walikuwa wameanza kumiminika nje. Alivuka barabara mbio, akajichanganya nao, akasimama mlangoni na uso wa mtu aliyetoka ndani. Punde mkewe akatokea, uso unang'aa kwa mafuta ya kufutia vipodozi, akamtazama kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani.

"Mchezo ulikuwaje?" akamwuliza.

"Si mbaya."

"Na sehemu ya pili?"

Wembe akakohoa. "Hiyo utaisikia Jumanne redioni. Unajua siwezi kusema mapema."

Msusi alimfinya mkono. Alielewa kwamba mumewe anamtania, kwamba amemwona jukwaani, na sasa naye anamfanyia siri yake. Walikwenda nyumbani wamenyamaza, mmoja kwa furaha na mwingine kwa wasiwasi kidogo, na kila mmoja aliridhika na ukimya wa mwenzake.

* * *

Jumanne saluni ilijaa. Msusi aliwaambia wateja wote, na wateja waliwaambia jirani, na watu wawili ambao nywele zao hazikuhitaji lolote walikuja tu wakaketi. Redio iliwekwa juu ya rafu ya mafuta ya nywele. Mteja mmoja, mama mwenye nyumba za kupangisha, alikuwa chini ya kikaushio na hakusikia kitu, akaomba aambiwe kila litakalosemwa.

Walianza na filamu, na Bi Sinema aliisifu kwa muda mrefu kwa sababu dereva wake hakusema neno mpaka nusu saa ilipopita. Wembe akasema yeye pia anamfahamu dereva wa namna hiyo, na tatizo la watu wasiosema ni kwamba huwezi kujua kama wana hekima au wana njaa. Saluni ikacheka. Wakaja kwenye maonyesho ya picha zilizotengenezwa kwa vizibo vya chupa, Wembe akasema zilikuwa za kuvutia ukiwa mbali, na yeye alizitazama akiwa mbali. Riwaya mpya ya mwalimu mmoja mstaafu aliisifu mwanzo na mwisho, akasema katikati imekosa roho. Msusi alikuwa akisuka tu, vidole vikienda vyenyewe.

Hatimaye ukaja mchezo wa kuigiza. Bi Sinema alitangulia, akasema mke mdogo anapoingia na sanduku lake, ukumbi mzima ulinyamaza, na yeye mwenyewe alisahau kwamba ameketi kwenye kiti kibovu. Msusi akaacha kusuka. Wembe akavuta kipaza sauti.

Alisifu sehemu ya kwanza, viatu vya rangi mbili vikiwemo. Halafu akafika pale alipozoea kufika. Akasema sehemu ya pili iliporomoka yote, na kuhusu huyo mke mdogo anayesifiwa, yeye aliona sanduku tu.

"Sanduku liliigiza vizuri kuliko aliyelibeba," akasema. "Sauti ile ni ya kuitia wateja. Kuna watu wamezaliwa kukaa kwenye viti vya watazamaji, na hilo si dhambi. Dhambi ni kuwapandisha jukwaani."

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Saluni hakucheka mtu. Mama wa chini ya kikaushio akainua kofia yake kichwani akauliza kwa sauti kubwa, "Kasemaje? Kamsifu?" Mmoja wa wale waliokuja bila shida ya nywele alinyoosha mkono kuizima redio, msusi akamwambia aiache, kipindi hakijaisha. Akaurudia msuko wake pale alipouachia, mstari umenyooka vilevile, na machozi yakamdondokea mteja utosini.

Redioni, Mtangazaji alikuwa anasoma ujumbe wa wasikilizaji, sauti yake imejaa utamu wa mtu aliyeokota kitu. "Wembe, hapa kuna watu watatu wanasema yule mwigizaji ni mkeo. Ni kweli?"

Kukawa kimya. Kimya cha redio kinatisha kuliko cha nyumbani, kwa sababu watu hudhani betri zimekwisha. Wembe aliwakumbuka mabibi harusi wote wa miezi miwili, akakumbuka uso unaong'aa pale mlangoni. Angeweza kusema ukweli palepale. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake, na mdomo ukatangulia.

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana nimesema. Sanaa haina mke."

Simu za stesheni zikawaka. Watu walimsifu kwamba huyu ndiye mchambuzi, mtu asiyempendelea hata wa kwake. Mkuu wa stesheni alitoka ofisini kwake, jambo la nadra, akamshika mkono kwa mikono miwili. Bi Sinema peke yake hakumpongeza. Alikusanya vitu vyake akamwambia kwamba yeye ameolewa mara mbili, na hata yule mume wa kwanza asingemfanyia hivyo.

* * *

Nyumbani Wembe alikuta chakula kimefunikwa vizuri na mkewe ana adabu. Adabu ndiyo iliyomtisha. Alimkaribisha, akamwuliza habari za kazi, akamwambia kwamba maonyesho mawili yaliyobaki, ya Jumamosi na Jumapili, hatakwenda. Amekwisha kumpigia mwongozaji, naye amesema mtu mwingine atasoma maneno kwenye karatasi.

Wembe hakugusa chakula. Akamweleza yote, mkahawa, Fundi Mita, goli la kusawazisha. Alieleza kwa kigugumizi, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Usinionee huruma, Baba. Umesema ulichoona, yameisha."

"Nakwambia sikuona."

"Na sanduku ulilijuaje?"

"Bi Sinema alilitaja kabla yangu. Kanda ipo, sikiliza."

"Na sauti ya kuitia wateja? Hiyo pia aliitaja Bi Sinema?" Akaanza kutoa vyombo mezani. "Miaka yote hii nakusikiliza. Wewe husemi juu ya kitu ambacho hukukiona. Leo unataka kujiita mwongo ili mimi nijisikie vizuri. Asante, lakini sitaki."

Hapo Wembe akaona shimo alilolichimba kwa mikono yake. Alikuwa ameongopa vizuri mno kwa muda mrefu mno, na sasa ukweli wake ulionekana ubembelezi. Kesho yake alimleta Fundi Mita kama shahidi. Fundi Mita aliapa kwa vyote vinavyoapiwa, akataja hadi mfungaji wa goli. Msusi akamkaribisha chai, akamwambia, "Wewe ndiye uliyeapa kwamba mume wangu alilala hospitali na wewe siku mliyokwenda kwenye ngoma, kwa hiyo kunywa chai, shemeji." Binti yao alipigiwa simu ili ampooze mama. Alisikiliza pande zote mbili, akamwambia baba yake kwamba mbele ya mama peke yake ni rahisi kujishusha, na kama kweli hakuona, basi awaambie walewale waliompigia makofi.

Wembe akasema hilo haliwezekani. Alilisema Jumatano, akalisema Alhamisi kwa sauti ya chini, na Ijumaa hakulisema. Siku hizo tatu mtaani walimpongeza kila alipopita. Muuza duka alimwita mwanamume wa kweli. Saluni, kwa upande wake, ilipokea pole kama ya msiba. Mama wa nyumba za kupangisha alileta hata sukari. Msusi aliipokea, akashukuru, akaingia chumba cha nyuma akakaa juu ya ndoo, akajiuliza kama kweli sauti yake ni ya kuitia wateja, na tangu hapo akawa anawaita kwa kunong'ona.

* * *

Jumamosi asubuhi kipindi kilirudiwa, na baada yake wasikilizaji walipewa nafasi ya kupiga simu. Saluni ilikuwa na watu, na aliyewasha redio alikuwa mteja mgeni asiyejua lolote. Wenyeji wakamkodolea macho, msusi akasema mwacheni, redio ni redio.

Walipiga watu kadhaa, wote wa kumsifu Wembe. Halafu Mtangazaji akamkaribisha mpigaji mwingine, akamwomba ajitambulishe.

"Mimi ni Wembe," ikasema simu.

Mtangazaji akacheka, akasema mwenye nyumba hagongi hodi, angekuja tu studio. Wembe akajibu kwamba studio angepewa kiti, na akipewa kiti huwa anaongopa. Amepanga foleni ya simu kama wengine, kwa hiyo akaomba aachwe amalize.

"Ule mchezo niliutazama nusu," akasema. "Wakati wa mapumziko niliondoka nikaenda kutazama mpira mkahawa wa mbele. Mke wangu alikuwa ameniomba nikae. Sikumwona akiingia, sikumsikia, sijui sauti yake jukwaani ikoje. Yote niliyosema niliyatunga nikiwa nimeketi hapo na ninyi. Riwaya ya mwalimu nilisoma sura mbili. Vizibo vya chupa nilivipita. Nimefanya hivi tangu mlipoanza kunisikiliza. Mama, kama unasikia, yule uliyekuwa unamwamini hayupo. Mimi ndiye niliyepo."

Mtangazaji, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, aliweka wimbo bila kuutangaza. Kabla wimbo haujaisha, mkuu wa stesheni alikuwa amekwisha kumpigia Wembe kumweleza kwamba Jumanne asijisumbue. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba meza ile inahitaji mtu mwenye muda wa kusoma vitabu, na Wembe, akiwa amesimama pembeni ya barabara na simu sikioni, akakubali kwamba ni kweli.

Saluni watu walikuwa wanamtazama msusi. Walitegemea kilio, au kicheko. Yeye aliweka kitana chini.

"Mpira," akasema. "Nilimwambia akae. Akaenda kutazama mpira."

Alikasirika, na ilikuwa hasira ya afya, hasira ya mke kwa mume, si ile huzuni ya siku nne ya mtu aliyeambiwa hafai. Akashika simu akampigia mwongozaji, akamwambia yule wa kusoma karatasi apumzike, anakuja. Sauti yake ilisikika hadi kwa jirani wa pili.

* * *

Mchezo ulianza saa kumi alasiri, na ukumbi ulifurika, maana hakuna tangazo linaloshinda aibu ya mtu mwingine. Bwana tiketi alipokata tiketi ya Wembe alimwambia kwamba mlango wa kutokea leo una kazi nyingine. Watu wa foleni wakacheka, na Wembe akakubali kuchekwa. Wakati wa mapumziko alibaki kitini peke yake katika safu nzima. Wengine waliopita walimchungulia kama mnyama wa bustani.

Taa zikazimwa. Sehemu ya pili ikaanza, na mke mdogo akaingia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Wembe hakuwa na sentensi yoyote aliyoiandaa. Alitazama tu. Alitazama mpaka mwisho, na watu waliposimama kupiga makofi yeye alichelewa kusimama.

Alimsubiri mlangoni. Mkewe alitoka uso unang'aa kwa mafuta, akampita, akasimama hatua chache mbele, ikabidi Wembe amfuate. Jua lilikuwa bado halijatua. Walitembea mpaka kwenye kona ya duka, na muuza duka akajifanya anapanga sabuni.

"Haya," akasema msusi bila kumtazama. "Leo ulikaa, nimesikia. Nilikuwaje?"

Maneno mazuri yote yalimjia Wembe kwa pamoja, yale ya redio, yamepangwa na kung'arishwa. Angeweza kumpa hata moja kati ya hayo na wakaenda nyumbani kwa amani. Akayaacha yote.

"Unaharakisha," akasema. "Pale unapoingia. Yale maneno ya kwanza unayasema kama mtu anayekimbizwa, hata nusu yake sikuyasikia. Halafu unapokaa chini, ukawatazama wale watoto wa mwenzako bila kusema kitu, pale sikukumbuka kwamba nakujua. Nilikuwa namwonea huruma mwanamke mwingine."

Msusi akasimama. Wembe akadhani ameharibu tena, na kwa nini asiharibu, si ndiyo kazi aliyoizoea.

"Mwongozaji ananigombeza hivyohivyo kila siku," akasema mkewe polepole. "Kwamba nikiingia naharakisha. Hayo hujawahi kuambiwa na mtu."

"Sijaambiwa."

"Basi umeniona."

Akamshika mkono, hakuufinya, aliushika tu, wakavuka barabara. Umeme wa mwezi huo utalipwaje hawakujua, na bado alikuwa amekasirika kuhusu mpira, na alimwambia hivyo. Walipofika mlangoni akamgeukia.

"Kesho uje tena," akasema. "Nitaingia taratibu."